SAUTI ISIYOITIKIWA

Ndugu msomaji, nianze na usiku mmoja.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yangu yakiwa yale ya kumwonyesha mama kisha unaaga kwamba unakwenda kutafuta maisha. Nikapanda lori kutoka Shinyanga hadi machimboni, upande wa Geita. Sikwenda kuchimba. Nilipata kibarua cha kulisha karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Kazi yenyewe ni hii: unabeba karai la mawe, unamwaga kwenye mdomo wa mashine, unageuka, unachukua karai jingine. Asubuhi mpaka usiku. Makarasha yalikuwa manne, yamepangwa safu moja, kila moja na injini yake ya dizeli. Kuongea hakuna, bwana. Tulikuwa tunaongea kwa mikono kama mabubu. Kiganja tumboni maana yake chakula kimefika. Kidole shingoni maana yake bosi yuko nyuma yako.

Usiku huo, hatua kama hamsini kutoka tulipokuwa, ukuta wa duara moja ulimomonyoka ukamfunika mwenzetu mpaka kifuani. Alipiga kelele. Baadaye alituambia alipiga kelele mpaka koo likakauka, akaanza kugonga jiwe kwa tindo. Hakuna aliyesikia. Sisi tulikuwa pale pale, watu zaidi ya kumi, tukilisha mashine. Kilichomwokoa ni pipa la dizeli kuisha. Makarasha yalizima moja baada ya jingine, na kimya kilipoingia ndipo tukasikia kitu kama paka aliyefungiwa stoo. Tulimtoa na mguu uliovunjika. Kesho yake mafuta yalifika, mashine zikawaka, na mimi nikaendelea kubeba karai.

Niliporudi nyumbani, kijiji kimoja cha Shinyanga, nilimsimulia babu. Alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Mjukuu wangu, sasa nani alimwitikia?" Nikamjibu kwamba hakuna aliyesikia, babu, mashine zilikuwa zinaunguruma. Akatikisa kichwa. "Zamani zetu," akasema, "mtu akipiga ukelele asiitikiwe, kijiji kizima kina hatia."

Swali hilo lilinikaa kichwani ile mbaya. Nikaanza kuuliza wazee, nikaanza kusoma kila kilichoandikwa kuhusu Usukuma nilichoweza kukopeshwa. Makala haya ndiyo majibu niliyompelekea babu. Ninachotaka kusema ni kimoja tu: katika nchi yetu hii, kati ya Shinyanga na Geita, sauti haikuwa pambo. Ilikuwa deni. Aliyesikia alidaiwa kuitikia.

WAPAGAZI NA PEMBE YA KIONGOZI

Binadamu ameanza zamani kutoa sauti kwa vyombo. Mwaka 2008 wachimbuaji wa mambo ya kale walipata filimbi ya mfupa wa ndege tai katika pango la Hohle Fels, Ujerumani. Ina umri wa zaidi ya miaka 35,000. Hatujui ilipigwa wimbo gani. Lakini hebu fikiri: mtu huyo wa pangoni aliyekaa akatoboa mfupa kwa subira namna ile, bila shaka alikuwa na mtu wa kumpigia.

Kwetu sisi, habari za sauti zilizoandikwa zinaanza na misafara. Karne ya 19 Wanyamwezi na jamaa zao Wasukuma walikuwa mabingwa wa njia ya kwenda pwani. Walibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo na kurudi na nguo, shanga na waya wa shaba. Mwingereza Richard Burton alisafiri nao mwaka 1857, na kitabu chake cha 1860 kimejaa malalamiko juu ya kelele. Mwenzake John Speke alitoka Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwezi Julai 1858, akapita katika nchi yetu hii akielekea kaskazini, akaliona ziwa kubwa pale Mwanza mwanzoni mwa Agosti.

Burton anaeleza jinsi msafara ulivyoanza safari. Mbele alikwenda kiongozi, kichwani amevaa mapambo ya manyoya. Ngoma ililia, pembe ya mnyama ikapulizwa. Waliobeba pembe za ndovu walikuwa wamefunga kengele za ng'ombe kwenye ncha za mizigo yao. Watu waliimba, walipiga miluzi, waliiga sauti za ndege na wanyama. Mzungu yule aliona ni fujo tupu.

Lakini wewe jiulize: mtu mwenye mzigo mzito begani, safari ya miezi, kwa nini apoteze pumzi kwa kelele? Jibu lipo kwa mwenye akili za njiani. Kwanza, msafara ulikuwa mrefu, wa mwisho hamwoni wa kwanza. Pembe ikilia mbele na watu wakaitikia nyuma, kiongozi anajua watu wake wote wapo. Aliyechoka akanyamaza hujulikana kabla hajaanguka. Pili, mgeni anayekaribia kijiji kwa ngoma na kengele anasema waziwazi: sisi ni wasafiri, tunakuja mchana, hatukuja kuiba. Mwizi huenda kimya. Basi kile ambacho Burton alikiita kelele kilikuwa hodi, na kilikuwa daftari la mahudhurio.

JEMBE LINALOITIKIA

Wapagazi walikwisha, reli ikaja. Sauti ikahamia shambani.

Babu yangu alikuwa kijana katika miaka ya 1960, pamba ikiwa ndiyo dhahabu yenyewe ya Usukuma. Vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba vilikuwa vimeungana mwaka 1955 katika chama kikuu kilichojulikana kwa herufi VFCU, na mtu aliyesimama mbele katika kazi hiyo alikuwa Paul Bomani. Kila kaya ilitaka kulima zaidi ya mikono yake. Mwenye shamba kubwa aliita vijana. Vijana wa kijiji walikuwa na umoja wao, wenye kiongozi aliyeitwa nsumba ntale, yaani mkubwa wa vijana, na kundi la kulima liliitwa elika. Malipo yalikuwa chakula, pengine mbuzi au ng'ombe, wakala pamoja baadaye.

Sasa sikiliza elika linavyolima. Watu ishirini wamesimama mstari mmoja. Manju anaanza wimbo, ngoma inapiga, majembe ishirini yanapanda kwa pamoja na kushuka kwa pamoja. Ngoma hii ya majembe ndiyo iliyokuja kujulikana kama bugobogobo. Leo unaiona kwenye sherehe, vijana wanarusha jembe juu na kulidaka, watalii wanapiga picha. Lakini asili yake si kuchezea jembe. Ukiwa katikati ya watu ishirini wenye chuma kikali mkononi, mdundo ndio unaokulinda usikatwe mguu. Mdundo ndio unaogawa pumzi: jembe likipanda unavuta, likishuka unatoa. Na mdundo ndio unaomfichua mvivu, maana jembe lake litalia peke yake, na manju atamtia kwenye wimbo papo hapo. Babu anasema aliwahi kutiwa kwenye wimbo. Ninapomuuliza walimwimbaje, anabadilisha mazungumzo.

Frank Gunderson, mtafiti wa Kimarekani, aliishi Usukuma miaka ya 1990 akikusanya nyimbo hizi za kazi, na mwaka 2010 akatoa kitabu kinene juu yake. Nyimbo hizo zina kila kitu: vita, njaa, kodi, mapenzi, siasa, bei ya pamba. Mkulima asiyejua kuandika alikuwa anaandika kwa jembe. Wimbo ukipendwa shamba hili, wiki ijayo unasikika shamba la pili. Kwa hiyo, mwandishi mwenzangu, kabla hatujajisifu kwamba sisi ndio kizazi cha kwanza cha fasihi hapa kwetu, tukumbuke tulikuta uwanja umeshalimwa.

BAGIKA NA BAGALU

Usidhani lakini kwamba kuitikia ni kukubaliana kila siku kama wanakwaya. Wasukuma ni watu wa ushindani.

Wazee wanasimulia kwamba katika karne ya 19 walikuwepo wacheza ngoma wawili mashuhuri, Gika na Gumha, wote wawili waganga. Walibishana nani ana dawa kali zaidi. Ubishi wao ukazaa vyama viwili vya ngoma ambavyo viko hai mpaka leo: wafuasi wa Gika ni Bagika, wafuasi wa Gumha ni Bagalu. Chini ya vyama hivi vikubwa yapo makundi mengi, kila moja na manju wake na mtindo wake. Wapo wacheza na nyoka, wapo waliotokana na wawindaji wa nungunungu, wapo wa majembe.

Baada ya mavuno, Juni mpaka Agosti, makundi mawili hukutana uwanjani. Hapa ndipo mimi nilipovua kofia. Hawachezi kwa zamu, mmoja baada ya mwingine. Wanacheza wakati mmoja, upande huu na upande huu, na watazamaji wako huru kwenda wanakotaka. Mshindi ni yule mwenye umati mkubwa mwishoni. Hakuna jaji wa mezani mwenye kalamu. Jaji ni miguu ya watu.

Kwa hiyo manju anatunga huku anatazama kwa jicho la pembeni. Umati ukianza kuhama, anabadilisha wimbo, anamwangusha mpinzani kwa mzaha, anatoa kinyago, anaita dawa zake za mvuto. Ngoma ikilia sana hupasuka, lakini ikilia kidogo hapa inabaki peke yake! Ni mashindano makali, na zamani hayakukosa ngumi na shutuma za uchawi. Hata hivyo tazama kanuni yake: kundi lisilosikilizwa limeshindwa, hata liwe na sauti kubwa kiasi gani. Sijaona fundisho bora kuliko hilo kwa mtu anayetaka kuandika riwaya. Msomaji naye ana miguu. Ukimchosha anahamia kwa Bagalu.

NGOMA YA MTEMI

Ipo sauti nyingine ambayo haikuwa ya kila mtu. Kila utemi wa Kisukuma ulikuwa na ngoma zake za enzi. Hazikupigwa harusini. Zilihusu kutawazwa kwa mtemi, kifo chake, mambo makubwa ya nchi. Ngoma zikiwepo, utawala upo.

Mwaka 1963, miaka miwili baada ya Uhuru, serikali ya Tanganyika ilifuta madaraka ya machifu nchi nzima. Sababu zilikuwepo: wakoloni walikuwa wamewatumia watemi wengi kukusanya kodi na kusimamia amri zilizochukiwa, na taifa changa halikutaka wakubwa wawili katika kijiji kimoja. Sisemi ilikuwa kosa. Nasema tu kwamba siku ile, pamoja na watu, ngoma nazo zilistaafu. Zipo zilizooza, zipo zilizofichwa.

Zilizobahatika zilifika Bujora, karibu na Kisesa, njia ya kwenda Mwanza mjini. Pale, kuanzia miaka ya 1950, padri David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alikuwa ameanzisha kituo cha kukusanya mambo ya Kisukuma. Leo ni makumbusho. Lipo jengo limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, na ndani yake zimewekwa ngoma za enzi za temi mbalimbali. Kila mwaka, karibu na sikukuu ya Ekaristi, mwezi wa Juni au karibu na hapo, hufanyika pale sherehe ya Bulabo, yaani maua, na Bagika na Bagalu wanapambana kama kawaida.

Nilikwenda Bujora mara moja. Nilisimama mbele ya zile ngoma. Zimetunzwa vizuri, ndiyo. Lakini zimekaa kimya, na kimya chake kilinipa huzuni ambayo sikuitarajia. Ngoma isiyopigwa ni ya kutazamwa tu, kama picha ya marehemu. Nikakumbuka kwamba mwaka 1950 mtu aitwaye Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na gari lenye mashine ya kurekodia, na nyimbo za Wasukuma ni miongoni mwa alizozichukua. Kumbukumbu zake ziko Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954. Sauti za babu zetu ziko salama, kilomita maelfu kutoka kwetu. Tunaweza kuzisikia. Kuziitikia hatuwezi.

MWANO

Sasa nafika kwenye lile neno la babu, kwamba kijiji kizima kina hatia.

Kwa Kisukuma ukelele wa hatari unaitwa mwano. Simba kavamia zizi, nyumba inaungua, ng'ombe wameibwa: unapiga mwano. Anayeusikia anaupokea, anaupiga na yeye, ukelele unaruka kutoka mji hadi mji mpaka nchi nzima iko macho. Kabla ya simu, huo ndio ulikuwa mtandao wetu. Na haukuwa wa hiari. Mwanamume aliyesikia mwano akabaki kitandani alipigwa faini, na asiyelipa alitengwa: haazimwi moto, hapewi maji, hazungumzwi.

Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, silaha zilizagaa na wizi wa ng'ombe ukawa balaa. Polisi walikuwa wachache na mbali, na wananchi walilalamika kwamba mwizi aliyepelekwa kituoni Jumatatu alionekana sokoni Jumatano. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Kahama na sehemu jirani za Shinyanga na Tabora, wanakijiji wakajipanga wenyewe. Ndio Sungusungu, jina la wale siafu wanaouma kwa pamoja. Silaha zao zilikuwa upinde, mishale na filimbi. Ndiyo, filimbi! Kila mtu na yake, na ikilia usiku, wote wanatoka. Babu yangu alikuwemo. Anasema kwa miaka kadhaa ng'ombe walilala nje bila mlinzi. Serikali iliwatazama kwa mashaka, kisha ikawakubali, na mwaka 1989 sheria ikarekebishwa ili kuwatambua.

Hapa lazima niwe mkweli, maana historia ya kusifu tu ni ngonjera. Mwano ule ule uliokimbiza wezi uliwahi pia kuwaangukia wasio na hatia. Usukuma imebeba aibu ya vikongwe walioitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa miaka mingi jikoni. Wapo waliofukuzwa, wapo waliouawa, na wapo Sungusungu walioshiriki kuwatesa. Nilimuuliza babu kuhusu hilo. Alikaa muda mrefu. Kisha akasema, "Kuna usiku tuliitikia vibaya." Hakuongeza neno, na mimi sikumsukuma. Lakini nimeelewa kwamba kuitikia peke yake hakutoshi. Lazima pia usikilize ni nani analia.

MASHINE

Dhahabu ya Geita ilionwa na Wajerumani mwaka 1898. Mgodi mkubwa ulifanya kazi wakati wa Waingereza tangu miaka ya 1930, ukafungwa mwaka 1966. Kisha katika miaka ya 1980 na 1990 wachimbaji wadogo wakafurika: Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu, Bulyanhulu. Neno likisikika kwamba mahali fulani pametoka dhahabu, ndani ya wiki pori linakuwa mji wenye gesti, baa na mahubiri. Mgodi mkubwa wa kisasa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, wa Bulyanhulu mwaka 2001, na mwaka 2012 Geita ikawa mkoa.

Sauti ya machimbo ya mwanzo ilikuwa bado ya mikono. Tindo na nyundo chini, na juu kinamama wakitwanga mawe kwenye vinu vya chuma. Hao nimewakuta mwenyewe. Kinu cha chuma kina mlio wake, na kinamama watano wakitwanga pamoja hawawezi kuacha kuimba. Mmoja anaanza, wanne wanaitikia, mchi unashuka kwenye itikio. Ni elika lile lile, tofauti ni kwamba jembe limekuwa mchi na pamba imekuwa jiwe. Huko Afrika Kusini wachimbaji walitengeneza ngoma nzima kwa kupiga mabuti yao ya mpira. Mchimbaji popote alipo anatafuta mdundo.

Kisha likaja karasha. Silichukii karasha, kwanza lilinilisha. Mama aliyetwanga karai moja kwa saa kadhaa leo anasagiwa kwa dakika. Lakini ni mashine ya kwanza katika historia hii yote ambayo haimwachi mtu nafasi ya kuitikia. Wapagazi waliimba juu ya miguu yao, vijana wakaimba juu ya jembe, kinamama juu ya mchi. Juu ya karasha huwezi kuimba. Wataalamu wa afya kazini wanasema sauti ya desibeli 85 kwa saa 8 ndiyo mpaka, na ukiivuka siku nyingi bila kuziba masikio unaanza kuyaharibu polepole. Sisi tulikuwa tunaziba kwa vipande vya godoro, na siku nyingine hata hivyo hakuna. Miezi saba. Mpaka leo sikio langu la kushoto lina mlio, kama nzi aliyeingia akakosa njia. Mtu akiniita upande huo namtazama mdomo. Siandiki haya nionewe huruma. Nayaandika kwa sababu nataka kuwa mwandishi, na mwandishi anaishi kwa kusikia watu wanavyosema.

Mwezi Oktoba 2015 mgodi mdogo wa Nyangalata, wilaya ya Kahama, uliporomoka na kuwafunika wachimbaji. Watu walitafuta, wakakata tamaa. Siku ya 41, watano walitolewa wakiwa hai. Walikuwa wamekula mizizi, vyura na mende gizani. Walipatikanaje? Wachimbaji wenzao waliokuwa wakifanya kazi karibu walisikia sauti zao kutoka chini. Ni hivyo tu. Siku arobaini na moja, na kilichowatenganisha na kaburi ni masikio ya mwenzao.

Niliposoma habari ile nilimfikiria yule jamaa yetu wa duara, na nikajiuliza: zile siku 40 za kwanza, je, hawakuita?

KWA WENZANGU WA KALAMU

Ndugu zangu, sisemi turudi kwenye upinde. Leo nyimbo za Kisukuma zimejaa kwenye simu na spika za bodaboda kutoka Maswa hadi Katoro, na ni jambo jema. Manju wa sasa anarekodi asubuhi, jioni anasikika mkoa mzima. Redio za mikoani zinatuletea kila kitu. Hatujawahi kuwa na sauti nyingi kama sasa. Lakini kila mtu ana spika za masikio zake, na mimi sioni nani anamwitikia nani.

Kazi yetu basi iko wazi. Wazee waliolima kwenye elika wanaondoka. Uliza mzee wako leo: uliimba nini ukilima? Nani alikuwa manju? Mwano wa mwisho ulisikia lini, na mlikimbilia wapi? Andika. Kama huna kitabu, andika nyuma ya risiti. Na wale mliopo machimboni, hili nalisema kama mlisha karasha mstaafu: kila saa moja zimeni mashine kwa dakika mbili. Hasara yake ni kikombe cha mawe. Sikilizeni tu.

Nilipomaliza rasimu ya makala haya nilimsomea babu, nikimtafsiria Kiswahili changu cha shuleni kila alipokwama. Alikuwa amekaa kushotoni kwangu. Nilipofika mwisho nikaona midomo yake inacheza, lakini sikushika neno. Nikahamia upande wa pili, nikamwomba arudie.

"Nilikuwa naitikia," akasema.